Barua kwa Mhariri: Si kila kiyeyushi kisicho na rangi hufaa kwa mimenyuko ya mwanga

Ndugu Mhariri,

Makala iliyotoka katika ukurasa wenu wa sayansi kuhusu mimenyuko ya kemia inayoendeshwa na mwanga ilieleza vizuri habari za taa, muda wa kuangazia na kinga ya macho. Lakini ilipofika kwenye kiyeyushi ilipita haraka, ikasema kimiminika chochote kisicho na rangi kitafaa mradi kinayeyusha malighafi. Naomba nafasi ya kulisahihisha hilo kwa kirefu, maana walimu na wanafunzi wanaozihifadhi kurasa hizo ndio watakaoingia nazo maabara. Katika kampaundi za aromatiki, yaani benzeni na jamaa zake wote wenye pete ya aina hiyo, kubadili kiyeyushi kunaweza kukupa zao jingine kabisa au kukunyima zao lolote, ilhali taa ni ileile, chupa ni ileile na saa ni zilezile.

Jicho la mtu huona kuanzia takriban nanometa 400 hadi 700. Benzeni, naftaleni, fenoli, esta za fenoli na benzofenoni hufyonza chini ya hapo, kwenye urujuanimno, mahali ambapo jicho halina ushahidi wowote wa kutoa. Kila kiyeyushi kina mpaka wake huko: urefu wa wimbi ambapo sentimita 1 ya kimiminika hufikia ufyonzaji wa 1, maana yake asilimia 10 tu ya mwanga ndiyo inayopenya. Mpaka wa asetonitrili safi na wa maji uko karibu na nanometa 190. Sikloheksani ni 200, methanoli 205, ethanoli 210, diklorometani 233, klorofomu 245, ethili asetati 256, benzeni 280, tolueni 285, na asetoni 330. Sasa chukua taa ya zebaki ya shinikizo la chini, ambayo mwanga wake mwingi ni wa nanometa 254, uangazie fenili asetati iliyoyeyushwa kwenye tolueni. Tolueni ndiyo itakayokula karibu fotoni zote, yaani chembe za mwanga, tena katika tabaka jembamba lililogusana na kioo, na malighafi yako itabaki ilivyokuwa. Hakuna kilichoharibika kwenye taa. Kiyeyushi kimesimama njiani.

Mpaka huo si amri ya kukiacha kiyeyushi moja kwa moja, bali ya kukilinganisha na taa. Tolueni hiyohiyo ni nzuri sana kwa anthraseni chini ya diodi za nanometa 365, kwa kuwa anthraseni hufyonza hadi karibu 380 na tolueni huko haigusi kitu. Wala usisahau kwamba takwimu za mpaka hupimwa kwa unene wa sentimita 1. Chombo chenye kina cha sentimita 3 au 4 kitapoteza mwanga mwingi hata kwenye urefu wa wimbi ulio juu kidogo ya mpaka. Kwa maoni yangu, chagua kiyeyushi ambacho mpaka wake uko angalau nanometa 30 chini ya mwanga wa taa yako, kisha uhakikishe kwa spektrofotometa, chombo cha kupimia ufyonzaji wa mwanga, kabla ya kuwasha chochote. Kioo nacho kina mpaka: glasi ya Pyrex hukata mwanga karibu na nanometa 290, kwa hiyo anayefanya kazi na 254 hana budi kutumia chombo cha kwatsi, hata kiyeyushi chake kiwe safi namna gani.

Asetoni inahitaji neno lake peke yake, kwa kuwa wengi huichagua kwa bei na kwa urahisi wa kuikausha. Chini ya nanometa 330 asetoni hufyonza yenyewe, huingia hali ya tripleti (hali ya msisimko ambamo elektroni mbili zisizo na jozi huelekeza mizunguko yao upande mmoja) yenye nishati ya takriban kilojuli 332 kwa moli, kisha huikabidhi nishati hiyo kwa kampaundi ya jirani ambayo tripleti yake iko chini zaidi. Naftaleni, yenye tripleti ya karibu kilojuli 253, huipokea bila shida. Wapo wanaoitumia asetoni makusudi kwa kazi hiyo, na ni mbinu nzuri. Ila mtu aliyekusudia mmenyuko upitie hali ya singleti (ambamo mizunguko ya elektroni hizo hupingana) akatumia asetoni bila kujua, amebadilisha njia yote ya mmenyuko, na atakapopata zao lisilotarajiwa atailaumu malighafi.

Halafu kuna vitu vilivyomo kwenye chupa ya kiyeyushi ambavyo havimo kwenye jina lake. Tetrahaidrofurani ya dukani mara nyingi hutiwa kizuizi cha peroksidi kiitwacho BHT, kwa kawaida miligramu 250 kwa kilo. Inaonekana kidogo, lakini ukipiga hesabu ni karibu milimoli 1 kwa lita, sawasawa na ukolezi wa malighafi katika majaribio mengi ya mwanga. BHT yenyewe ni fenoli: hufyonza karibu na nanometa 280, na hutoa haidrojeni yake kwa radikali yoyote, yaani kipande cha molekuli chenye elektroni isiyo na mwenzake, itakayoikuta. Ukiinunua isiyo na BHT, peroksidi zitajijenga haraka, na peroksidi nazo huvunjika kwa mwanga na kuanzisha radikali ambazo hukuziita. Ipime kwa karatasi ya kupimia peroksidi siku ileile ya kuitumia. Klorofomu huwa na ethanoli ya asilimia 0.5 hadi 1 kama kinga. Ukiiondoa, mwanga pamoja na hewa huigeuza polepole kuwa gesi ya sumu iitwayo fosjini na asidi ya haidrokloriki. Ethanoli iliyokaushwa kwa kukenekwa (kuchemshwa na mvuke wake kupozwa) pamoja na benzeni inaweza kubaki na mabaki ya benzeni yanayoonekana waziwazi kwenye nanometa 255. Ndiyo maana kuandika "ethanoli" peke yake kwenye daftari la maabara hakutoshi; andika daraja lake la usafi na kinga iliyomo.

Baada ya mwanga kupenya, linakuja swali la haidrojeni, na mfano wa kuutazama kwa karibu ni benzofenoni. Giacomo Ciamician na Paul Silber waliianika juani huko Bologna mwanzoni mwa karne ya 20 ikiwa ndani ya alkoholi, na jaribio hilo bado ni mwalimu bora kuliko mengi yaliyokuja baadaye. Benzofenoni ikifyonza mwanga wa nanometa 340 hadi 365, karibu kila molekuli huhamia hali ya tripleti. Hapo oksijeni ya kundi lake la kaboni na oksijeni huwa tayari kunyakua atomu ya haidrojeni kutoka kwa jirani, na jirani wa kwanza ni kiyeyushi. Isopropanoli huitoa kwa urahisi, kwa sababu haidrojeni iliyo kwenye kaboni inayobeba OH imeshikwa kwa kifungo dhaifu. Sikloheksani na tetrahaidrofurani nazo hutoa. Benzeni, asetonitrili na alkoholi ya tatu-butili karibu hazitoi kabisa. Kwa hiyo benzofenoni ndani ya isopropanoli hugeuka benzopinakoli, lakini ndani ya benzeni safi hukaa hivyohivyo, ikipokea mwanga na kuutupa kama joto.

Utaratibu wenyewe ni huu. Chukua gramu 2 za benzofenoni, ziyeyushe katika mililita 20 za isopropanoli kwa kupasha kidogo, tia tone moja la asidi ya asetiki isiyo na maji, kisha jaza mmumunyo kwenye chupa ndogo ya kioo safi hadi karibu na shingo. Funga vizuri. Uache kwenye jua kali kwa siku kadhaa, au mbele ya diodi za nanometa 365 kwa saa kadhaa huku ukiupoza kwa feni. Fuwele nyeupe zitaanza kutuama chini, kwa kuwa benzopinakoli haiyeyuki vizuri kwenye isopropanoli baridi. Mavuno ya juu kabisa kinadharia ni takriban gramu 2, na fuwele zilizooshwa huyeyuka karibu na nyuzi 185 hadi 188 za Selsiasi. Kila sharti hapo lina sababu yake. Tone la asidi ni kwa ajili ya kioo: uso wa glasi una ualikali kidogo, na alikali huivunja benzopinakoli irudi kuwa benzofenoni na benzhidroli. Anayeliacha tone hilo huona fuwele chache, akadhani jua halikutosha. Chupa hujazwa ili nafasi ya hewa iwe ndogo, kwa kuwa oksijeni hudaka radikali kabla hazijaungana mbilimbili. Na radikali inayobaki upande wa isopropanoli haipotei bure. Huipa benzofenoni nyingine haidrojeni na yenyewe ikawa asetoni, ndiyo sababu fotoni moja inaweza kumaliza molekuli mbili za benzofenoni.

Ukishaelewa hilo, jamaa yake mmoja atakusumbua akili: benzofenoni yenye kundi la amino upande wa pili wa pete. Ndani ya sikloheksani hunyakua haidrojeni na kumenyuka. Ndani ya isopropanoli, ambayo kwa hesabu ya kawaida ingekuwa bora, karibu hakuna kinachotokea. Sababu ni kwamba kiyeyushi polari, yaani chenye molekuli zenye upande chanya na upande hasi, hushusha nishati ya hali ambayo elektroni zimesukumwa kutoka kwenye amino kwenda kwenye oksijeni. Hali hiyo ikawa ndiyo ya chini kabisa, na oksijeni iliyokwisha kushiba elektroni haina tena sababu ya kunyakua haidrojeni. Kutaja tu kwamba kiyeyushi "kinatoa haidrojeni" au "hakitoi" hakumalizi hoja. Kiyeyushi huamua pia ni hali ipi ya msisimko itakayofanya kazi.

Hapo tumeingia kwenye upolari. Kipimo chake kimoja ni cha dielektriki, ambacho hukua upolari unapokua: cha heksani ni karibu 1.9, tolueni 2.4, etha ya diethili 4.3, ethili asetati 6, diklorometani 8.9, methanoli 33, asetonitrili 37.5 na maji karibu 80. Tazama anthraseni iliyosisimshwa ikikutana na N,N-diethilianilini. Ndani ya heksani au tolueni hushikamana kuwa eksipleksi, yaani jozi inayodumu tu wakati wa msisimko, na utaona mng'aro mpana usio na vilele, kwenye urefu wa wimbi mkubwa kuliko ule wa anthraseni peke yake. Ongeza upolari na mng'aro huo hufifia. Ndani ya asetonitrili wawili hao hutengana, anthraseni ikiwa ayoni hasi na anilini ikiwa ayoni chanya. Mmenyuko wowote unaotegemea ayoni huru za namna hiyo huhitaji asetonitrili au kiyeyushi cha aina yake. Mfano ni ule wa 1,4-disianobenzeni, alkeni (kampaundi yenye kifungo maradufu cha kaboni kwa kaboni) na methanoli, ambao huendeshwa kwenye mchanganyiko wa asetonitrili na methanoli, mara nyingi kwa uwiano wa 3 kwa 1: alkeni hupoteza elektroni, methanoli huishambulia, kisha kinachobaki hujiunga na pete na kufukuza kundi moja la siano. Ukiufanya kwenye kiyeyushi kisicho polari, elektroni hurudi ilikotoka kabla methanoli haijafika.

Kloridi za aromatiki huonyesha jambo hilohilo kwa namna inayoshangaza zaidi. Angazia 4-kloroanisoli ndani ya sikloheksani: kifungo cha kaboni na klorini hukatika katikati, radikali ya arili, yaani pete iliyobaki, hunyakua haidrojeni ya kiyeyushi, nawe unabaki na anisoli. Iweke kwenye trifluoroethanoli, kifungo kikatike kwa upande mmoja, ikatoka kloridi na kubaki ayoni chanya ya arili iliyo tayari kuungana na alkeni utakayokuwa umeitia. Methanoli nayo ni polari, lakini inaweza kutoa haidrojeni na kukurudisha kwenye anisoli. Trifluoroethanoli hutoa kwa shida zaidi, ndiyo maana hupendelewa. Katika njia zote mbili asidi ya haidrokloriki huzaliwa, kwa hiyo tia besi. Uwe mwangalifu na triethilamini, maana yenyewe hutoa elektroni kwa kloridi iliyosisimshwa, na kwa mlango huo klorini hung'oka na haidrojeni kuchukua nafasi yake.

Mnato husahaulika zaidi ya vyote. Katika mmenyuko wa Fries unaoendeshwa na mwanga, fenili asetati chini ya nanometa 254 hukatika vipande viwili ndani ya kizimba cha molekuli za kiyeyushi. Vikikutana tena humohumo, hupatikana haidroksiasetofenoni, kundi la asetili likiwa nafasi ya pili au ya nne kwenye pete. Kimoja kikitoroka, kipande cha fenoksi huchukua haidrojeni ya kiyeyushi na kuishia kuwa fenoli. Kiyeyushi chenye mnato mkubwa huchelewesha kutoroka na hupunguza fenoli. Katika hali ya gesi, ambako hakuna kizimba, fenoli ndiyo hutawala. Usiuendeshe mmenyuko huu hadi malighafi yote iishe: zao la nafasi ya pili hufyonza mwanga kwa nguvu, likaanza kuikinga malighafi iliyobaki, na ukoko wa kahawia ukajishika kwenye kioo upande wa taa. Ukiuona ukoko huo, simamisha, safisha kioo, kisha uendelee. Kuongeza saa juu ya kioo kichafu ni kupoteza umeme.

Sasa oksijeni, na hapa ndipo majaribio mengi hufia. Maji yaliyo wazi kwa hewa hubeba takriban milimoli 0.27 za oksijeni kwa lita. Asetonitrili na methanoli hubeba karibu milimoli 2, na heksani karibu 3. Mtu aliyezoea kufanya kazi kwenye maji akihamia viyeyushi vya kikaboni, ameongeza oksijeni mara saba au zaidi bila kugusa kitu kingine. Oksijeni huzima tripleti kwa kasi inayokaribia ile ya kugongana tu, hivyo ndani ya asetonitrili yenye hewa tripleti nyingi haziishi zaidi ya nusu ya mikrosekunde. Benzofenoni ndani ya isopropanoli huvumilia, kwa kuwa hunyakua haidrojeni ndani ya makumi ya nanosekunde, kabla oksijeni haijawahi. Ndani ya asetonitrili yenye mtoa haidrojeni kidogo tu, haina nafasi hiyo.

Oksijeni iliyozima tripleti mara nyingi hugeuka oksijeni ya singleti, yaani oksijeni iliyosisimshwa, na maisha yake yanategemea kiyeyushi kuliko kitu kingine chochote: takriban mikrosekunde 3.5 kwenye maji ya kawaida, zaidi ya 60 kwenye maji ya deuteri (yenye haidrojeni nzito), karibu 80 kwenye asetonitrili, na makumi ya milisekunde kwenye tetrakloridi ya kaboni. Anthraseni inaonyesha matokeo yake. Bila oksijeni, na ukolezi ukiwa mkubwa, molekuli mbili hushikana kuwa dimeri, yaani molekuli pacha, ambayo haiyeyuki vizuri na hutuama yenyewe. Kukiwa na hewa, hasa mahali ambapo oksijeni ya singleti huishi muda mrefu, sehemu ya anthraseni huishia kuwa peroksidi ya ndani. Ukolezi nao unarudi kwenye kiyeyushi: anthraseni iliyosisimshwa huishi karibu nanosekunde 5 tu, kwa hiyo chini ya milimoli 1 kwa lita haikutani na mwenzake. Unahitaji milimoli 10 au zaidi. Tolueni huyeyusha kiasi hicho kwa nafasi, ethanoli inasuasua.

Kuondoa oksijeni, puliza nitrojeni au agoni kwa sindano ndefu inayofika chini ya mmumunyo, dakika 20 hadi 30 kwa mililita 20, na sindano fupi ya kutolea gesi. Gesi ipite kwanza kwenye chupa yenye kiyeyushi kilekile kitupu; la sivyo diklorometani au heksani itapeperuka, ukolezi utapanda, nawe hutajua. Etha ya diethili huchemka kwa nyuzi 35, na mimi siishauri kabisa karibu na taa yenye joto. Kwa vipimo vya kasi, kupuliza hakutoshi: gandisha kwa nitrojeni kimiminika, vuta hewa kwa pampu, yeyusha, urudie mara tatu au nne.

Kuna mmenyuko mmoja unaotaka oksijeni au iodini makusudi. Stilbeni ikiangaziwa hugeuka kutoka umbo moja hadi jingine, kisha hujifunga, na kinachojifunga lazima kipokonywe haidrojeni mbili ili kiwe fenanthreni. Tumia sikloheksani, ukolezi wa karibu milimoli 5 kwa lita, iodini kidogo, na chupa iwe wazi kwa hewa. Ukikoleza zaidi, stilbeni mbili zitaungana kuwa pete ya kaboni nne. Kwa malighafi zinazodhurika na asidi, weka iodini ya kutosha moli kwa moli pamoja na oksidi ya propileni ya kumeza haidrojeni iodidi, kisha ufanye chini ya agoni.

Benzeni imetajwa mara nyingi katika taratibu za zamani. Ni kisababishi cha saratani, na sioni sababu ya kuipa mwanafunzi. Kwa mwanga wa juu ya nanometa 300, trifluorotolueni au asetonitrili huchukua nafasi yake mara nyingi. Tolueni pia, isipokuwa pale ambapo haidrojeni za kundi lake la methili zinaweza kunyakuliwa na tripleti kama ya benzofenoni, ukapata dibenzili usiyoiagiza.

Kabla ya kuamini matokeo yoyote, andaa neli tatu za kwatsi au Pyrex kutoka kwenye chupa ileile ya kiyeyushi. Ya kwanza iwe na mmumunyo kamili, ifungwe kwa karatasi ya alumini na ikae kando ya taa ipate joto bila mwanga. Ya pili iwe na kiyeyushi kitupu, iangaziwe muda wote. Ya tatu iwe na mmumunyo kamili na mwanga, lakini bila kuondolewa hewa. Zipime zote kwa kromatografia, mbinu ya kutenganisha mchanganyiko ambapo kila kampaundi huonekana kama kilele, pamoja na neli ya jaribio lenyewe. Zao likionekana kwenye ya kwanza, ni joto lililolifanya. Kilele kikionekana kwenye ya pili, kinatoka kwenye kiyeyushi au kwenye kinga yake. Na ya tatu ikilingana na jaribio lako lililopulizwa nitrojeni, ama tripleti haihusiki au inaishi muda mfupi mno, ama sindano yako haikufika chini.

Wako,
Mwanakemia, msomaji wa ukurasa wa sayansi